Resoneta ya kauri inakimbia dakika 4 kwa siku, na kristali haitaki kuwaka

Mtotoleshaji

Wakuu, habari zenu. Nina kifaa nilichojiundia cha kurekodi joto ndani ya mashine ya kutotolesha mayai. Kila dakika kinapima na kuandika saa na nyuzi kwenye kadi ya kumbukumbu. Ubongo wake ni chipu ya ATmega328P, na kinachoupigia mdundo ni resoneta ya kauri ya 16 MHz (midundo milioni 16 kwa sekunde), ile ya miguu 3. Sijaweka chipu ya saa. Sekunde nazihesabu kwenye programu.

Sasa saa inakimbia. Nimeilinganisha na simu siku 3 mfululizo, na kila siku inatangulia dakika 4. Mayai hukaa siku 21, kwa hiyo mwishoni rekodi inakuwa imetangulia karibu saa moja na nusu. Nikiona joto limeshuka siwezi kujua kama ni umeme ulikatika au ni mimi nilifungua mlango. Kundi lililopita nilipoteza mayai mengi na rekodi haikuniambia kwa nini. Inaniuma.

Nikashauriwa niweke kristali, kipande cha kwatzi kinachopiga mdundo kwa usahihi zaidi. Nimeng'oa resoneta na kulehemu kristali ya 16 MHz ya miguu 2 kwenye matundu ya pembeni, la katikati nimeliacha wazi. Kifaa mara kinawaka, mara kimekufa kabisa. Nikigusa mguu wa kristali kwa kidole kinaamka! Je, ni mbovu? Na mbona ile resoneta, pamoja na kukosea saa, ilikuwa inawasiliana na kompyuta bila kuharibu hata herufi moja?

Mama_Saketi

Ndugu yangu, kristali yako ni nzima, na kidole chako kimeshatoa jibu. Mwili wako umeongeza uwezo mdogo wa kapasita kwenye ule mguu, na hicho ndicho saketi ilichokuwa inakikosa.

Resoneta ya miguu 3 ina kapasita 2 ndani yake. Mguu wa kati ni wa kuzipeleka kwenye graundi. Kristali ya kawaida haina hizo, inakutegemea wewe. Umeondoa vipande vitatu ukarudisha kimoja.

Angalia maelezo ya kiwanda utafute uwezo wa mzigo, yaani uwezo wa kapasita ambao kristali inautaka, kwa nyingi za 16 MHz ni 18 pF (pikofaradi). Kapasita zako 2, kila moja kutoka mguu mmoja hadi graundi, kwa macho ya kristali zimeungwa mfululizo, hivyo zikilingana unapata nusu ya moja. Juu yake ongeza pF kama 5 zinazotokana na njia za bodi na pini za chipu. Toa 5 kwenye 18 zinabaki 13, zidisha kwa 2 unapata 26. Thamani ya dukani iliyo karibu ni 27 pF. Tumia za aina ya C0G, maana hazihamehami joto likibadilika, na ziweke karibu kabisa na kristali.

Kuhusu saa: dakika 4 ni sekunde 240, na siku ina sekunde 86,400. Hiyo ni kama asilimia 0.28. Resoneta nyingi za kauri huuzwa kwa ahadi ya asilimia 0.5, kwa hiyo yako ilikuwa ndani ya ahadi yake. Haikuharibika. Kristali ya kawaida inaahidi sehemu 20 hadi 50 kwa milioni. Kwa 20, ni chini ya sekunde 2 kwa siku.

Mawasiliano yalikwenda vizuri kwa sababu mpokeaji anaanza kuhesabu upya kila herufi inapoanza. Ni kama mtu anayefumba macho, anatembea hatua 10, anafumbua, ananyoosha mwendo, anafumba tena. Kosa la asilimia 0.28 ndani ya hatua 10 halimtoi njiani. Saa yako haifumbui macho siku 21 nzima.

Swali la kujiuliza kabla ya kuchagua ni hili: kosa litajilimbikiza kwa muda gani kabla ya kitu kingine kulisahihisha?

kilo32

Acheni resoneta za kauri kabisa. Takataka. Kristali kila mahali, mambo yaishe.

Fundi_Rimoti

Hapo sikubaliani nawe, mkuu. Nimefungua rimoti nyingi sana, na nyingi za zamani zina resoneta ya 455 kHz. Chipu inaigawa kwa 12, unapata karibu 37.9 kHz, na kipokezi cha televisheni kinasubiri 38. Usahihi wa kristali pale ungefanya kazi gani? Isitoshe, kauri inaamka haraka kuliko kristali, na kwenye kifaa cha betri kinacholala na kuamka mara elfu kwa siku hilo ni jambo kubwa. Hata Arduino Uno R3 inaendesha chipu yake kuu kwa resoneta ya kauri, kristali ikawekwa kwa chipu ya USB, na watu wanafanya nayo kazi nzuri.

Rimoti ikianguka sakafuni ikafa, na betri ni nzima, naanzia kwenye miguu ya resoneta. Mara nyingi lehemu ndiyo imepasuka. Kwa hiyo sisemi haina udhaifu.

kilo32

Sawa, nimekuelewa, neno takataka nalirudisha. Ila kwa saa ya Mtotoleshaji msimamo wangu ni uleule, tena hata 16 MHz siyo ya kazi hiyo. Atumie ya 32,768 Hz. Ukiigawa kwa 2 mara 15 unapata sekunde 1 kamili, na inakula umeme kidogo mno.

Mama_Saketi

Kweli, ila kwenye ATmega328P kristali hiyo inatumia pini zilezile za 16 MHz. Akiiweka, chipu itabidi iendeshwe na oskileta (kipiga mdundo) yake ya ndani, ambayo kutoka kiwandani inaweza kukosea hadi asilimia 10 mpaka uirekebishe, na hapo herufi zitaanza kuharibika. Afadhali chipu ya saa ya pembeni.

Tena kristali ya 32,768 Hz inapenda nyuzi 25. Ukiisogeza mbali, kwa baridi au kwa joto, inachelewa, na ucheleweshaji unakua kwa mraba wa tofauti. Ndani ya mashine kuna nyuzi 37.5, ni nyuzi 12.5 juu: inapoteza kama nusu sekunde kwa siku. Kwa mayai si kitu. Kwa anayetaka zaidi kuna chipu ya saa ya DS3231, inayopima joto lake yenyewe na kujirekebisha. Kati ya nyuzi 0 na 40 kosa lake ni sehemu 2 kwa milioni, kama dakika 1 kwa mwaka.

Na tafadhali usiupime mdundo kwa kugusisha probu (ncha ya kupimia) ya oskiloskopu, kile kifaa kinachochora mawimbi ya umeme, kwenye mguu wa kristali. Probu ina pF zake 10 au zaidi. Mimi niliwahi kung'oa kristali 3 nzima kwenye bodi moja kwa sababu kila nikipima mdundo unasimama, na mwenye bodi alisubiri wiki nzima kwa kosa langu. Pima kwenye pini nyingine inayogeuzwa na programu.

Mtotoleshaji

Dada, Mungu akubariki. 27 pF sikuwa nazo, nimeweka za 22. Imewaka mara 30 kati ya 30, nimehesabu. Baada ya siku 5 imetangulia sekunde 14.

Mama_Saketi

Sekunde 14 kwa siku 5 ni kama sehemu 32 kwa milioni. Ndivyo 22 zinavyofanya: mzigo umekuwa 16 badala ya 18, na mzigo ukipungua kristali inaharakisha. Ukipata 27 zibadilishe, itarudi. Usipozipata, anza tu kundi la mayai. Kwa siku 21 ni dakika moja, na umeme ukikatika utauona.