Wauza iafoni wa Mombasa, masikio yangu hayana kasoro!

Sina salamu leo, nimekasirika. Nani aliwadanganya wauza simu wa mji huu kwamba ukiandika “spoti” kwenye boksi basi iafoni, kidude cha kusikilizia muziki, itakaa sikioni mwa mtu wa baiskeli? Pita Mwembe Tayari, pita Digo Road, panda Moi Avenue, maneno ni yale yale: “Chukua hii bosi, besi yake moto, chaji yakaa kutwa.” Hakuna anayeuliza unaenda kuitumia wapi. Ukitaja baiskeli, boksi linageuzwa, unaonyeshwa picha ya mzungu anakimbia ufuoni, na biashara imeisha hapo.

Nilichouziwa mimi ni iafoni zile mbili zisizo na waya, zenye kijiti kinachoning'inia nje ya sikio. Shilingi 1,500. Kufika nyumbani nikakuta mpira wa kuingia tunduni mwa sikio wa saizi moja tu, ule wa kati uliokuja umeshavishwa. Mdogo na mkubwa viko kwenye picha ya boksi, ndani havimo. Na dukani sikuruhusiwa kujaribu, eti usafi. Kwani mpira wa silikoni hauoshwi? Sokoni Kongowea tunavalishwa viatu vya mitumba vilivyopita miguu ya mabara mawili na hakuna anayetaja usafi, lakini sikio langu mwenyewe, lenye pesa mkononi, ndilo najisi!

Sasa ingia barabarani. Natoka Bamburi asubuhi, jua halijakaza, lakini hii hewa yetu mwaijua: kabla hujafika Nyali jasho limeshateremka nyuma ya masikio. Silikoni ikilowa haina tena cha kushikia. Ukigeuza shingo kuangalia matatu inayokujia kwa nyuma, mkanda wa helmeti unakisukuma kile kijiti, na kwa kuwa uzito wote uko chini, kidude kizima kinazunguka taratibu kuelekea nje. Unakirudisha kwa kidole, mkono mmoja kwenye usukani, bodaboda nayo yakupigia honi. Juu ya daraja la Nyali gurudumu likaruka kwenye kiungo, ya kushoto ikachomoka. Nikaisikia ikigonga chuma cha ukingo, kisha bahari ikaichukua. Boksi linasema IPX7, kipimo cha kustahimili maji, wakaisomee samaki.

Nikarudi dukani. Kijana akaniangalia sikio la huku, akaniangalia la huku, akasema bila haya: “Bosi, masikio yako ndiyo yana shida, ni madogo. Wengine hawalalamiki.” Halafu akaniuliza, “Si bado una moja?” Hiyo moja ni ya kulia, na mimi ya kulia sivai! Kabla hamjaanza kunihubiria usalama: nikiwa barabarani navaa ya kushoto peke yake, sauti chini. Kenya tunapita kushoto, matatu na matrela yanatupita kulia, kwa hiyo sikio la kulia linabaki wazi. Kibao kikawa ukutani nyuma yake, “Mali ikishauzwa hairudishwi.” Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Nikamtajia. Akacheka, akampigia kelele mteja mwingine.

Turudi kwa hiyo IPX, maana ndiyo wanayotupigia domo. Hiyo X inamaanisha kinga ya vumbi haikutajwa kipimo. Namba 4 ni maji ya kurushiwa kutoka kila upande, namba 7 ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Tena maji matamu, si jasho lenye chumvi, na mara nyingi kipimo ni cha iafoni zenyewe, kile kikasha cha chaji hakimo. Kwa mtu wa baiskeli 4 inatosha kabisa. Kinachoua hizi vitu hapa kwetu ni kuzirudisha kikashani zikiwa na jasho. Fungua uangalie vile vidoti vidogo vya rangi ya dhahabu: dhahabu ikishalika, shaba ya chini inaota kutu ya kijani, na siku moja upande mmoja unakataa chaji. Pangusa na kitambaa kikavu kwanza. Hilo nalo hakuna muuzaji anayelisema.

Na wala kushika sikioni si jambo la bei. Kinachoshika ni kulabu inayozunguka nyuma ya sikio, pamoja na mpira unaolingana na tundu lako. Masikio mawili ya mtu mmoja huwa hayalingani, kuna anayehitaji mpira mkubwa huku na wa kati kule. Mtu angeruhusiwa kuvaa, akatingisha kichwa, akapiga miayo mikubwa na kutafuna kidogo, angejua palepale, kwa sababu taya likicheza tundu la sikio nalo linabadilika umbo. Mipira ya sponji inashika vizuri kuliko silikoni, ila inakunywa jasho na kuchakaa haraka. Zile za kuvaa shingoni zikichomoka zinaning'inia kifuani, hupotezi kitu. Hata za waya za bei ya chini kabisa zinaizidi ile takataka yangu: kinachozing'oa ni waya kuvutwa, basi pitisha waya juu ya sikio, uushushe ndani ya shati, uubane na pini kwenye kola. Zile zinazokaa mbele ya sikio na kupitisha sauti kwenye mfupa ndizo zingetufaa zaidi, sikio liko wazi, lakini za kweli ni ghali, na nyingi za bei rahisi zenye jina hilo ni vispika vya kawaida vilivyowekwa karibu na sikio.

Muuzaji anayejua kazi yake angeniambia yote haya kwa dakika mbili. Badala yake najadiliwa ukubwa wa masikio mbele ya wateja.

Sasa nipeni mtaa. Duka lolote, liwe kisiwani, Likoni au Changamwe, linalouza za kulabu chini ya 2,000, mipira saizi tatu imo ndani ya boksi, na mwenye duka anakuacha utingishe kichwa kabla ya kutuma M-Pesa. Na kama kuna anayeuza mipira peke yake, kwa jozi, aseme pia. Wale wa “njoo inboksi nina orijino,” bakini na orijino zenu.