Cheti gani kwa mafundi wa mabasi makubwa ya umeme? Gereji iko Arusha

Fundi_Njiro

Habari za kazi wakuu. Gereji yetu iko Arusha, kazi kubwa ni Coaster, Fuso na mabasi makubwa ya dizeli. Mteja wa utalii analeta mabasi mawili ya umeme ya mita 12, mfumo wa volti 600 hivi. Kwenye rasimu ya mkataba ameandika kwamba fundi yeyote atakayeyagusa awe na "cheti kinachotambulika cha magari makubwa ya umeme". Cheti gani, hakusema.

Mafundi tulio nao: wawili wa umeme wa magari wenye VETA ngazi ya III, mmoja ana Stashahada ya magari ya Chuo cha Ufundi Arusha, mmoja ni fundi umeme wa viwandani anayezijua sana mota za fezi tatu, na mzee wetu wa breki na stelingi ambaye hana cheti chochote ila kazi yake haina mpinzani. Naomba kujua cheti kipi kina maana kweli, nani apelekwe kwanza, na mtihani wenyewe unapima nini. Naona matangazo ya kozi za mtandaoni za saa mbili zinazotoa cheti, sitaki kutupa hela huko.

Kihami

Mkuu Fundi_Njiro, mteja wako amebeba vitu vitatu kwenye sentensi moja. Vitenganishe kabla hamjasaini.

Cha kwanza ni sifa ya ufundi. Hiyo ni VETA ngazi ya I hadi III, au Astashahada na Stashahada zilizo chini ya NACTVET. Inathibitisha kuwa mtu ni fundi wa magari au wa umeme wa magari. Haithibitishi kwamba anaweza kufungua boksi la volti 600 akatoka salama.

Cha pili ni uthibitisho wa usalama wa volti kubwa. Huu hutolewa kwa ngazi, kwa jina la mtu, baada ya kumwona akifanya kwa mikono. Uingereza, taasisi ya sekta ya magari, IMI, ina ngazi nne: ya 1 ni uelewa wa hatari, ya 2 ni matengenezo ya kawaida, ya 3 ni kutoa na kubadilisha vifaa vya volti kubwa baada ya kukata umeme, ya 4 ni uchunguzi na ukarabati wa ndani, pamoja na kazi kwenye sehemu zenye umeme. Ujerumani wanafuata mwongozo wa bima ya ajali kazini, DGUV 209-093, wenye S, 1S, 2S na 3S, mantiki ni ileile: 2S anafanya kazi kwenye mfumo uliokatwa umeme, 3S ndiye anayeruhusiwa kugusa mfumo ulio hai. Marekani kuna mtihani wa taasisi ya ASE wa usalama wa umeme wa magari haya, ngazi mbili. Kwa magari makubwa hasa, Waingereza wana mpango wa leseni za mafundi uitwao irtec, unaosimamiwa na Society of Operations Engineers; leseni yake hudumu miaka 5 kisha fundi anapimwa upya.

Cha tatu ni ruhusa ya mtengenezaji wa basi. Bila akaunti yake kwenye programu ya uchunguzi, fundi wako anaweza kuwa na vyeti ukutani na bado ashindwe kufuta hitilafu iliyojifunga au kuoanisha moduli mpya ya betri. Hii idaiwe kwa muuzaji wa mabasi, iingie kwenye mkataba wa ununuzi, na mafunzo yafanyike juu ya basi lenyewe.

Jambo ambalo wengi hawalijui: hata Uingereza hakuna sheria inayotaja kadi fulani. Kanuni zao za umeme kazini za mwaka 1989 zinataka mtu awe na ujuzi wa kuzuia hatari, na mwajiri ndiye anayebanwa kuhakikisha hivyo. Hapa nyumbani Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 nayo inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda wafanyakazi wake. Kwa hiyo kununua cheti hakukuondolei mzigo. Cha saa mbili mtandaoni kinaweza kutosha kama uelewa kwa mwosha magari, si zaidi ya hapo.

Volti_Sifuri

Kihami amemaliza la vyeti. Mimi najibu mtihani unapima nini, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoanguka.

Kiini cha ngazi ya 3 au 2S ni kazi moja: kukata umeme wa volti kubwa na kuthibitisha kwamba umekatika. Mpimaji anakaa pembeni na karatasi, haongei. Fundi anazungushia gari uzio na kibao, anahakikisha plagi ya chaja imetolewa, anazima gari, anaondoa funguo na kuzifungia. Anakata swichi kuu ya volti 24. Anavaa glavu, anazikagua kwa kuzijaza hewa na kuzikunja kuanzia kwenye kifundo ili aone kama kuna tundu, anavalia glavu za ngozi juu yake, anashusha ngao ya uso. Ndipo anatoa plagi ya kukatia betri, anaweka kifuniko na kufuli lake binafsi, ufunguo unabaki mfukoni mwake.

Halafu anangoja. Ndani ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa mota) kuna kapasita zinazobaki na chaji, na muda wa kungoja umeandikwa na mtengenezaji. Dakika 5 hadi 10 ni kawaida. Msikadirie kwa macho.

Kupima ni hatua tatu, na ya tatu ndiyo inayofelisha wengi. Unahakiki mita kwenye chanzo kinachojulikana, unapima basi, kisha unarudi kuhakiki mita tena. Mita ikifa katikati ya kazi itasoma sifuri, na sifuri hiyo ndiyo inayoua. Wengine huhakiki kwenye soketi ya TANESCO: hapo umehakiki upande wa umeme geu (AC) peke yake, wakati basi lina umeme mnyoofu (DC). Nunua kifaa cha kuhakiki kinachotoa volti mia kadhaa za umeme mnyoofu. Mita iwe ya daraja la usalama la CAT III, volti 1000, na waya zake ziwe za daraja hilohilo. Unapima chanya kwa hasi, chanya kwa bodi, hasi kwa bodi. Ukipima chanya kwa hasi peke yake, hutagundua kwamba waya mmoja umegusa bodi.

Kwa nini usiamini kontakta, zile swichi zinazounganisha betri na mfumo? Kwa sababu huwa zinashikana. Mfumo wa kujaza kapasita polepole kupitia rezista ukifa, kontakta kuu inafunga huku mkondo mkubwa ukipita ghafla, ncha zinayeyuka na kuungana. Deshibodi inaonyesha gari limezimwa, betri bado iko kwenye laini.

Mafundi wa dizeli wamezoea kwamba ukitoa terminali ya betri umeshamaliza. Hapa upande wa betri wa ile plagi una volti muda wote, hata gari likiwa limelala wiki nzima. Mwili wa mtu ukichukuliwa kuwa na ukinzani wa omu 1,000, volti 600 zinasukuma ampia 0.6. Huo ni mkondo wa kuua.

Fundi_Njiro

Shukrani sana. Basi nilikuwa nafikiria kumtanguliza fundi wa viwandani, maana amezoea volti 400 kila siku. Na mzee wa breki nimwache pembeni kabisa, au?

Mota_Fezi3

Mtangulize fundi wa umeme wa magari, mwenye VETA ngazi ya III, na yule wa Stashahada. Wa viwandani afuate.

Si kwamba hajui. Ila mazoea yake yanatoka kwenye umeme geu wenye swichi kuu ukutani: unakata, unafunga kufuli, laini imekufa. Betri haina swichi kuu ya namna hiyo. Pia umeme mnyoofu ukikatwa chini ya mzigo unatoa cheche ndefu isiyojizima, kwa sababu mkondo haupiti sifuri mara 100 kwa sekunde kama ule wa TANESCO. Ndiyo maana plagi za volti kubwa zina waya mwembamba wa ulinzi ndani yake: ukianza kuchomoa, waya huo unakatika kwanza na kompyuta inafungua kontakta kabla ncha kubwa hazijaachana. Fundi wa viwandani asiyelijua hili ataunganisha ule waya mwembamba kwa kipande cha nyaya ili "gari liwake", akidhani ni sensa mbovu. Nimwombe kila mtu humu: huo waya usirukwe. Hata siku moja.

Atakapofunzwa atakufaa mno kwenye kupima uhami na mota.

Breki_Hewa_Moshi

Mzee wa breki usimwache pembeni. Yeye ndiye atakayekuwa karibu na hatari bila kujua.

Kwenye mabasi mengi ya umeme kompresa ya hewa na pampu ya stelingi zinazungushwa na mota za volti kubwa. Fundi aliyezoea kufungua kompresa ya dizeli kwa spana namba 17 atakuta nyaya za rangi ya machungwa zinaingia palepale. Mpe mafunzo ya volti kubwa ya ngazi ya 2, au 1S kwa Kijerumani: afanye breki, tairi, springi na viungo vya stelingi, na ajue mpaka wake ni wapi. Kompresa yenyewe haigusi mpaka mwenye ngazi ya juu aseme kwa maandishi kwamba umeme umekatwa.

Na ujuzi wake unahitajika zaidi ya mnavyodhani. Breki ya mota inachukua kazi kubwa, kwa hiyo pedi na ngoma zinakaa bila kufanya kazi, zinashika kutu na kung'aa kama kioo. Halafu basi linateremka kutoka ukingo wa Ngorongoro kuelekea Karatu likiwa na betri iliyojaa. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme, kompyuta inapunguza breki ya mota, na uzito wote unarudi kwenye breki za hewa ambazo hazijafanya kazi kwa muda. Kila huduma mzee apime unene wa pedi na mshiko wa kila gurudumu kwenye mashine ya kupimia breki. Dereva naye aambiwe asijaze betri hadi mwisho kama safari inaanzia juu.

Kuhusu asivyo na cheti: VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Anapimwa kwa vitendo kazi anayoijua, anapewa cheti. Anza hapo, ndipo mafunzo ya volti kubwa yajengwe juu yake.

Kihami

Vifaa, maana hakuna mpimaji atakayekuja gereji isiyo na hivi. Glavu za daraja la 0 za kiwango cha kimataifa cha IEC 60903, zinazohimili volti 1000 za umeme geu au 1500 za umeme mnyoofu. Daraja la 00 linaishia 500 na 750, kwa mfumo wako ni dogo mno kwa usalama wa kazi. Kila fundi awe na jozi ya saizi yake. Sheria za Marekani zinataka glavu zinazotumika zipimwe kwa umeme kila miezi 6, fuata hivyo. Spana za IEC 60900 zenye alama ya pembetatu mbili na 1000 V. Fimbo ya kuokolea yenye ndoano, itundikwe ukutani, isifungiwe stoo.

Mega ya kupima uhami (jinsi nyaya zilivyotengwa na bodi), na mita ya miliomu (ya kupima ukinzani mdogo sana). Hii ya pili wengi hawana. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 100 inataka kila kasha la volti kubwa liungane na bodi kwa ukinzani chini ya omu 0.1, ukipima kwa mkondo usiopungua ampia 0.2. Mita ya kawaida haitoi mkondo huo, itakudanganya. Hapa Arusha tunapenda kuchomelea na kupaka rangi bodi, na rangi ikibaki chini ya boliti ya kasha, muunganiko umekwisha. Mkichomelea, kata volti kubwa na volti 24, na kibanio cha ardhi cha mashine ya kuchomelea kiwe karibu kabisa na mahali pa kazi.

Kanuni hiyohiyo inataka uhami usipungue omu 100 kwa kila volti kwa umeme mnyoofu, na omu 500 kwa kila volti pale umeme geu na mnyoofu vilipoungana. Kwa volti 600 ni kiloomu 60 na kiloomu 300. Mfumo wenye afya husoma megaomu kadhaa, kwa hiyo ukiona kiloomu 400 usifurahi kwamba umevuka, tafuta tatizo. Tenganisha kifaa kimoja kimoja: hita, kiyoyozi, kompresa ya hewa, pampu ya stelingi, kigeuzi cha volti 24, mwisho mota. Wahalifu wa kawaida ni maji yaliyoingia kwenye plagi baada ya kuoshwa kwa presha, kipozeo kinachovuja ndani ya mota, na kiyoyozi kilichojazwa oili ya PAG badala ya POE. Kompresa ya kiyoyozi ya umeme ina nyaya za mota ndani ya oili, na PAG inapitisha umeme kuliko POE. Mashine ya gesi iliyotoka kuhudumia gari la dizeli inatosha kuichafua.

Volti_Sifuri

Naongezea la mkataba, kisha nalala.

Badilisha ule mstari. Andika kwamba kila fundi atakuwa na, kwanza, cheti cha ufundi cha VETA au cha chuo chini ya NACTVET. Pili, uthibitisho wa volti kubwa wa ngazi iliyotajwa kwa jina, uliopimwa kwa vitendo kwenye gari kubwa na si gari dogo. Tatu, mafunzo ya mtengenezaji kwa modeli hiyo. Halafu gereji itoe barua ya idhini kwa kila fundi, yenye picha yake, kazi anazoruhusiwa, asizoruhusiwa, tarehe ya kuisha na sahihi ya msimamizi. Fundi akikaa mwaka bila kukata umeme hata mara moja, idhini isimamishwe mpaka aonyeshe tena hatua zote mbele ya mtu.

Kazi kwenye mfumo ulio hai, yaani ngazi ya 4 au 3S, usiichukue mwaka huu. Ukarabati wa ndani ya betri uandike wazi kuwa ni wa muuzaji. Kwa mabasi mawili, watu wawili wa ngazi ya 3 wanatosha, ila lazima wawe wawili: anayekata umeme haachwi peke yake, na mwenzake awe anajua kutumia ile fimbo na kufufua moyo kwa mikono.

Fundi_Njiro

Nimeelewa wakuu, asanteni sana. Kesho napeleka marekebisho kwa mteja, na mzee naanza naye VETA wiki ijayo. Swali la mwisho: mita ya miliomu, naweza kukodi au lazima ninunue?

Kihami

Kodi kwa ukaguzi wa kwanza mabasi yakifika, urekodi usomaji wa kila kasha ukiwa mpya. Ila nunua kabla ya kazi ya kwanza ya bodi, kwa sababu baada ya hapo utaihitaji kila mara boliti ya kasha inapofunguliwa.