Kupumua kwa kufuata mapigo ya moyo: kunasaidia hifdhi (kuhifadhi Qur'ani) au kunatuliza tu?

BintiMalindi:
Asalaam alaykum wakuu. Nyumbani nasoma juzuu zangu bila kukwama. Nikikaa mbele ya majaji wa mashindano tu, aya zinazofanana zinaingiliana: naanza kisa cha Musa na wachawi katika sura ya Al-A'raf, najikuta niko sura ya Ash-Shu'ara. Kaka yangu aliyeko Muscat kanitumia mkanda wa kifuani unaosoma mapigo ya moyo. Kwenye simu kuna duara linatanuka na kusinyaa, unapumua kulifuata. Je, unaongeza kumbukumbu kweli? Mimi naishia kupata kizunguzungu.

MuuguziTanga:
Waalaykum salaam mdogo wangu. Kizunguzungu kwanza: unavuta hewa nyingi mno. Niko wodi ya wazazi, kila siku naona watu wakiambiwa "pumua taratibu" wanavuta kama wanazama. Taratibu si kwa nguvu. Punguza kina, toa pumzi polepole.

Ukivuta pumzi moyo huongeza kasi, ukitoa hupunguza. Mishipa mikubwa ya shingoni na kifuani nayo ina vihisio vya presha vinavyourekebisha moyo, ila kwa kuchelewa sekunde kadhaa. Ukipumua kama mara 6 kwa dakika, mambo hayo mawili yanaoana na mawimbi ya mapigo (kupanda na kushuka kwa kasi yake) yanakuwa makubwa. Mkanda kazi yake ni kukuonyesha umefika.

Sasa swali lako. Kundi la Mara Mather, Chuo Kikuu cha Southern California, liliwafanyisha watu mazoezi wiki 5: wengine wakuze mawimbi hayo, wengine wayapunguze. Kwa vijana waliokuza, mawasiliano kati ya amigdala ya kushoto (kijisehemu cha ubongo kinachohusika na hofu na hisia) na sehemu ya mbele ya ubongo inayosimamia hisia yaliongezeka. Katika vipimo vya akili, dalili ya faida ilikuwa kwenye kuzuia kinachokuvuta pembeni, si kwenye kushika mambo mengi kichwani kwa pamoja. Na wewe hujasahau aya, dada! Aya ya sura nyingine ndiyo inakuwahi mdomoni. Kwa hiyo usitarajie mkanda ukuhifadhishie juzuu mpya. Mimi ningeutumia kwa hilo la majaji.

Ustadh_Pwani:
Mwenye kutimiza madda (kurefusha sauti panapotakiwa) na kusimama panapostahiki anapumua taratibu tayari. Mkanda wa nini?

MuuguziTanga:
Shekhe, hapo umegusa. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walipima watu wakisali rozari kwa Kilatini, na watu haohao wakisoma mantra, maneno ya yoga ya kurudiarudia. Pumzi zilishuka hadi karibu 6 kwa dakika. Ila binti huyu akiona majaji anakimbiza, madda zinakatika. Mkanda utamwonyesha anapoanza kukimbiza.

BintiMalindi:
Kweli nakimbiza, ustadhi wangu analalamika kila siku. Nifanye kabla ya murajaa (kurudia nilichohifadhi) au baada?

MuuguziTanga:
Kabla, halafu soma aya zako, mkanda ukiwa bado kifuani. Siku ya mashindano uvue.