Fundi ametia GAZETI chini ya buibui langu!!!

BintiKibokoni
Jina simtaji. Yule fundi wa darizi wa kule Biashara Street, mwenye mashine za kompyuta na mdomo mrefu kuliko taraza zake, nyote mwamjua. Leo akilidarizi buibui langu ametia gazeti chini yake. GAZETI!

Kitambaa ni chepesi, cha kuvutika. Vilini, ile ya kutiwa chini ya kitambaa kinapodariziwa, nilimnunulia mwenyewe, ile nzito ya kukatwa kwa mkasi, inayobaki nyuma kushika mishono hata ukifua. Nikamtia mkononi. Narudi, ua la kifuani limekunjamana kama uso wa mtu aliyenyimwa pilau, naye yuwachanachana gazeti mbele ya wateja, na kila akivuta karatasi uzi wavutika nayo. Kisha aniangalia, aniambia: "Mama, kitambaa chako ndicho kibovu."

Kitambaa changu! Kibovu! Mbele ya watu!

Ua lile ni maelfu ya mishono, na kila mshono wavuta kitambaa upande wake. Kisiposhikwa chini kitaachaje kukunjamana? Na vilini yangu kaipeleka wapi? Nikiligeuza buibui ndani nje nasoma tanzia, wallahi. Idd hii nitavaa msiba wa watu nisiowajua. "Kitambaa chako ndicho kibovu." Kwa mdomo ule!

Mlikoni
Dada, hebu angalia mkono wa kushoto kama kuna matokeo ya mpira.

FundiMkongwe
Kitambaa kigumu kisichovutika, vilini ya kuchanika yatosha. Cha kuvutika, lazima ya kukatwa. Hapo amekosa. Lakini binti yangu, ulimwachaje peke yake? Kazi yasimamiwa.

BintiKibokoni
Nimsimamie? Mzee wangu, nimelipa yote, na vilini juu, kisha naambiwa kitambaa kibovu mbele ya watu!

MamaArusi
Huyo huyo! Taulo za mwanangu za arusi, majina yamezama kwenye manyoya hata hayasomeki. Hakuweka ile plastiki nyembamba ya juu inayoyeyuka kwa maji. Bwana arusi haijulikani ni Ali au ni doa.

Kanzu_Yangu_Iko_Wapi
Nyinyi angalau mmerudishiwa. Kanzu yangu iko kwa fundi wa Mwembe Tayari tangu Ramadhani ya mwaka jana. Kila siku "kesho inshallah".

Mlikoni
Yule mwenye kofia ya kijani? Ana suruali yangu!

Kanzu_Yangu_Iko_Wapi
Suruali ya kijivu? Jana alikuwa ameivaa.

Mlikoni
AMEIVAA??? Naja saa hizi.

MamaArusi
Na hiyo feri ya Likoni utafika saa ngapi, mwanangu? Leo tumesimama juani mpaka samaki wangu wameiva kapuni.

Mlikoni
Feri usinitoneshe. Feri ifunguliwe uzi wake humu jukwaani.