Kisima kimegeuka chumvi huku Jambiani: nichimbe zaidi au niache?

MtuwaUwanda
Assalaam alaykum wanajamvi. Nina nyumba Jambiani, mashariki ya Unguja, si mbali na pwani, pamoja na vyumba vichache vya wageni. Kisima alichochimba marehemu babu kwa mkono kilitutosha miaka yote kwa ndoo. Mwaka jana nikaleta mashine, tukashuka zaidi ndani ya jiwe, nikafunga pampu ya umeme na tangi la lita 5,000. Mwanzo maji matamu kabisa. Sasa chai hainyweki, birika limeota gamba jeupe na maua yanaungua majani. Bamvua ikija, bahari inapojaa kupita kawaida, ndiyo balaa. Mchimbaji anasema tumeukosa mkondo wa maji ya chini ya ardhi, tushuke mita 15 nyengine tutaupata. Kabla sijatoa pesa, nishaurini.

Mzee wa Mbezi
Shusha tu mkuu. Huku Dar watu wanaenda mita 80 na wanapata maji safi. Ya juu juu ndiyo mabaya siku zote.

Mawe na Maji
Mzee wa Mbezi, hapo umempoteza mwenzio. Ndugu MtuwaUwanda, usichimbe.

Huko kwenu chini ya maji matamu kuna bahari. Mvua iliyozama ndani ya jiwe inaelea juu yake kwa kuwa ni nyepesi: lita ya maji ya bahari ina gramu kama 1,025, ya maji ya mvua 1,000. Kwa tofauti hiyo, maji matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yapo mengine kama mita 40. Ila karibu na pwani hayasimami hata hiyo mita 1. Tuseme kwako yamezidi bahari kwa sentimita 10: una mita 4 tu, baada ya hapo ni bahari. Na hesabu inageuka pia. Pampu ikiyashusha maji kisimani kwa sentimita 10, chumvi ya chini inaweza kupanda hadi mita 4 na kuikuta pampu yako. Maji ya bahari sehemu 2 tu katika 100 yanatosha kuiharibu chai.

Kwa nini hayasimami juu? Jiwe la uwanda, yaani huo ukanda wenu wa mawe, ni matumbawe ya kale, limejaa matundu, mvua inapita humo upesi na kutokea pwani. Ndiyo maana uwandani huoni mto. Hata vijito vinavyoteremka kutoka vilima vya magharibi, vingine vikifika kwenye mawe vinazama. Matundu hayo yamechimbwa na maji yenyewe: mvua inaokota hewa ya ukaa udongoni, inakuwa kali kidogo, inalila jiwe la chokaa. Ndivyo yalivyopatikana mapango ya kisiwani, na ya Amboni kule Tanga. Hilo gamba la birika si chumvi, ni jiwe lililoyeyuka njiani likaganda tena ulipochemsha.

Mzee wa Mbezi
Sawa, nimekuelewa. Lakini mkondo je? Mafundi wote wanautaja, au wanatuibia tu?

Mawe na Maji
Kwenye jiwe la matumbawe njia za maji zipo kweli, ingia pangoni utaziona. Ila njia inayopeleka mvua baharini ndiyo hiyo hiyo inayoleta bahari kisimani wakati wa bamvua. Akiukuta huo mkondo kwa kina anachotaka, atakuwa ameukuta wa chumvi.

Mgogo Mstaafu
Kaka, ulichimba mwezi gani?

MtuwaUwanda
Wa sita, masika yamekwisha.

Mgogo Mstaafu
Basi uliyaonja yakiwa yamejaa. Huku Dodoma ni granaiti, maji yanakaa kwenye mwamba uliooza na kwenye nyufa, hayakimbii kama ya kwenu. Hata hivyo visima vya Makutupora, vinavyolisha mji, vimepimwa tangu miaka ya 1950 na havijazwi na kila msimu. Vinangoja mvua kubwa kama za El Niño ya 1997/98. Mvua nyingine zinaishia kwenye mizizi na jua.

MtuwaUwanda
Sasa nifanyeje?

Mawe na Maji
Ziba chini, urudi kwenye kina cha babu. Pampu iwe ndogo, ikae karibu na uso wa maji, ivute polepole saa nyingi, si kujaza tangi kwa nusu saa. Nunua kipimo cha chumvi cha mkononi, upime wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, uandike. Ya kunywa yavune paani: paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10, ni karibu lita 1,000. Na majirani wenye mahoteli wakivuta kwa nguvu, utaumia hata ukifanya yote haya. Hapo ni kukaa kikao cha shehia.

Bi Maabara
Mwanangu, hakuna aliyekuuliza la choo. Karo liko umbali gani na kisima?

MtuwaUwanda
Hatua kama kumi na tano, upande wa juu.

Bi Maabara
Jiwe lenye matundu hivyo halichuji kitu. Peleka chupa ya maji ya kisima ipimwe vijidudu na naitreti, chumvi inayotokana na uchafu wa choo, na wageni wasipige mswaki kwa maji hayo mpaka upate majibu.