Bolti ya fyuzi inachemka winchi ya nanga ikivuta, shida iko wapi?

Usukani
Wakuu, naomba msaada. Boti ina mfumo wa volti 12, na winchi ya nanga inakula kama ampea 100 ikivuta mzigo. Ikifanya kazi dakika mbili hivi, bolti moja ya kishikilia fyuzi inapata moto hadi haishikiki, na ganda la waya hapo jirani limekuwa la kahawia. Bolti ya upande wa pili ni vuguvugu tu. Fyuzi ni ya ampea 150, haijaungua hata mara moja. Waya ni mwembamba, au fyuzi ni kubwa mno?

FundiWaya
Mkuu, waya mwembamba ungechemka urefu wake wote. Joto likikaa mahali pamoja na kupungua kadiri unavyosogea mbali, ugonjwa uko kwenye kiungio. Fyuzi haitakuokoa hapo, kwa sababu inakatika mkondo ukizidi, na wako haujazidi. Ukinzani wa omu 0.01 tu kwa ampea 100 hula volti 1 na kutoa wati 100 za joto, tena kwenye eneo dogo kama kidole gumba. Kwa hiyo winchi isivute mzigo hadi utakapomaliza kazi hii, isipokuwa sekunde chache za kupima.

Weka mita kwenye milivolti za DC. Mwenzako aendeshe winchi, wewe gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha waya (kile kipande cha chuma chenye tundu kilichobanwa mwishoni mwa waya) na nyingine kwenye bati la fyuzi lenyewe, si kwenye nati. Kiungio kizima huonyesha milivolti chache. Ukiona 50, kifungue. Kisha pima kati ya nyuzi za waya na kichwa chake. Volti zikipotelea hapo, basi kichwa kilibanwa vibaya, na hata ukikaza nati mpaka ikatike hutapata nafuu.

Usukani
Kichwa cha waya hadi fyuzi: milivolti 340. Waya hadi kichwa chake: 6. Naona kuna washa (pete ya kuwekwa chini ya nati) ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kati ya kichwa na fyuzi.

FundiWaya
Ndiyo hiyo. Stenlesi hupitisha umeme vibaya kuliko shaba karibu mara 40. Kazi yake ni kubana. Kupitisha mkondo si kazi yake. Mpangilio sahihi ni kichwa cha waya kukalia bati la fyuzi moja kwa moja, juu yake washa bapa, washa ya springi, halafu nati.

Kina_Kirefu
Naongezea, maana kutoa washa peke yake hakutoshi. Plastiki iliyopata moto hulainika, na nati hulegea tena hata ukiikaza vizuri. Badilisha kishikilia chote pamoja na fyuzi. Zima swichi kuu, toa waya wa hasi kwenye betri kwanza, ndipo uguse spana.

Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa. Ukikuta nyuzi nyeusi au za kijani, endelea kukata. Shaba iliyooza haisafishiki kwa msasa ndani ya nyuzi. Waya mpya uwe wa shaba iliyopakwa bati, kichwa kibanwe kwa koleo la haidroliki lenye taya za saizi ile ile, na juu yake uvalishe mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Nyundo hapana. Kulehemu peke yake pia hapana, kwani risasi ya kulehemu ya kawaida, ya bati na plambi, huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183, na waya uliokakamaa kwa risasi hukatika kwa mtikisiko. Grisi ipake juu baada ya kukaza, tabaka jembamba la kuzuia chumvi.

FundiWaya
Ukimaliza, rudia kipimo kile kile kwa mzigo ule ule. Ukitumia kipimajoto cha miale, bandika kwanza tepu nyeusi kwenye bolti, kwa kuwa chuma kinachong'aa husomeka baridi kuliko kilivyo. Na usisahau waya wa hasi wa winchi: mkondo unaopita huko ni ule ule wa ampea 100.