Tupeane uzoefu: sarufi na insha za Kiingereza ziliingiaje kichwani ulipokuwa shule?

Baba Kidato (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina kijana kaingia kidato cha kwanza mwaka huu, shule ya kata, katokea msingi wa Kiswahili. Jana kaniletea daftari la Kiingereza nilikague. Kurasa nzima nzima ni majedwali ya tensi, zote kumi na mbili na fomula zake, "subject + has/have + past participle", wino wa rangi mbili, utadhani ni aljebra. Nikamwambia haya, niandikie mambo ya jana yako. Akaandika: "Yesterday I am go to market with my mother and he buy a fish."

Ukimuuliza fomula ya present perfect anakutajia bila kupepesa macho. Sentensi ndiyo hana.

Sitaki nadharia, wala matangazo ya tuisheni. Nataka kusikia kwako wewe uliyesoma huku huku Kiswahili ukatoka unaandika kimombo kinachoeleweka: ulifanya nini, nani alikushika mkono, na kipi kilikuwa kupoteza muda tu. Tiririkeni.

Mwalimu wa Zamu

Nafundisha Kiingereza sekondari, Iringa vijijini. Kwanza usimkemee huyo kijana, sentensi yake inaeleweka ukiisoma kwa jicho la Kiswahili. Mama kawa "he" kwa sababu kwetu baba ananunua na mama ananunua, ile a- haijali. "I am go" nayo ina mantiki: kasikia "I am" akaifananisha na "nina-" ya ninaenda, kwa hiyo kwake "am" ni kipande cha kitenzi kinachokaa kila mahali. Na hiyo "a fish" mpongeze, maana wengi huiacha kama alivyoiacha kwenye "market".

Sasa kwa nini daftari limejaa majedwali? Mkondo mmoja una watoto sabini na kitu, na mimi nina mikondo minne. Nikitoa insha kila wiki sitalala. Jaza nafasi zilizo wazi nasahihisha darasa zima kipindi hicho hicho. Huko msingi walikotoka nako ni yale yale: kwa miaka mingi mtihani wa darasa la saba ulikuwa wa kuchagua herufi, 2012 zikaja karatasi za OMR, zile zinazosahihishwa na mashine, unaweka kivuli kwenye herufi tu, ikawa mtoto anaweza kufaulu Kiingereza bila kuandika sentensi yake mwenyewe hata moja. Akifika kwangu ndiyo anaambiwa andika.

Ninachofanya: muhula wa kwanza natumia tensi mbili tu, ya mazoea na ya wakati uliopita. Nyingine zisubiri. Kila siku mistari mitano, mambo ya jana, hakuna kuremba. Kisha wanabadilishana madaftari na kazi ya mwenzako ni moja: pigia mstari vitenzi, uangalie kama vyote vimekaa jana. Tahajia achana nayo, "a" na "the" achana nazo. Wiki ijayo wanapigia mstari "he" na "she" peke yake. Mtoto akirudishiwa karatasi imejaa wekundu kila kona hasomi hata kosa moja, anatafuta alama tu.

Fuso la Usiku

Mimi ni dereva, Kiingereza changu ni cha redio. Miaka ya themanini kwetu Kiingereza kilianza darasa la tatu na mwalimu mwenyewe alikuwa anakisoma kwenye ubao huku jasho linamtoka. Baba alikuwa na redio ya betri kubwa. Jioni tulikuwa tunanasa VOA, redio ya Wamarekani, kile kipindi cha Special English, kilichoanza tangu 1959. Mtangazaji anasoma polepole, sentensi fupi, na msamiati wenyewe ni maneno kama 1,500 tu. Mtu wa darasa la sita anaambulia.

Mchezo wangu: nasikiliza habari moja, redio inazimwa kuokoa betri, naandika nilichokumbuka. Kesho napeleka kwa kaka wa jirani aliyekuwa kidato cha tatu, ananisomea.

Kuna kitu niligundua pale ambacho jedwali halikuwahi kunieleza. Habari ilianza "The president has arrived in Nairobi". Sentensi inayofuata ikawa "He arrived on Monday". Nikajiuliza, mbona wamebadili? Kila siku hivyo hivyo. Kumbe ile ya kwanza inakupa jambo jipya bila saa, ukishataja Jumatatu tu, "has" inaondoka. Tangu siku hiyo sijawahi kuichanganya, na mtihani wa kidato cha nne ulikuja nayo kwenye yale maswali ya kuandika upya sentensi kwa maelekezo.

Mtoto wa Kivu

Fuso, hapo umenigusa mimi wa Bukavu, Kongo. Kwetu Kiingereza kinatukuta sekondari, na Kifaransa kimeshakaa kichwani zamani. Sisi tunasema "j'ai mangé hier", yaani "nimekula jana", basi mkono unaandika "I have eaten yesterday" bila kuuliza mwenyewe. Mwalimu alisahihisha mpaka akachoka. Kilichonitoa ni kwenda kusoma Kampala, nikapanga na vijana wasiojua Kifaransa wala Kiswahili cha kutosha. Kununua tu mkaa kulihitaji Kiingereza.

Kinda wa Mvita

Kwetu Kenya ugonjwa ni mwingine kabisa. Darasa la nne kwenda mbele masomo yote Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe, kwa hiyo sentensi tulikuwa nazo. Tulichokosa ni kitu cha kusema. KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023, insha ilikuwa dakika arobaini kwa alama arobaini, na kila shule ilikuwa na ghala lake la maneno ya kukariri. Nilijua "as fit as a fiddle" miaka mingi kabla sijajua fiddle ni mdudu au chombo. Jua lazima lichomoze, ndege lazima waimbe. Nakumbuka swali la ajali ya usiku, nusu ya darasa likaanza na miale ya jua dirishani.

Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja wa darasa la saba. Aliingia siku ya kwanza akachora mstari ubaoni, upande mmoja akaorodhesha mapambo yetu yote. Akasema ukitumia lolote hapa nakata alama mbili. Insha ya kwanza ikawa "Njia ninayopitia kwenda dukani", kwa Kiingereza, na hakuna tukio lolote kubwa ruhusa kutokea: hakuna mwizi, hakuna moto, hakuna ndoto. Tuliteseka! Lakini mtu aliandika kuhusu mbuzi wa Bi. fulani anayelala juu ya bonneti ya teksi mbovu, na darasa zima likacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kuona insha ya Kiingereza ikichekesha watu.

Na sijasahau kibao. Ukisikika unaongea Kiswahili unavishwa kipande cha mbao shingoni, unazunguka nacho mpaka umnase mwingine umpachike. Jioni aliyenacho anachapwa. Matokeo? Uwanja ukawa kimya. Tulijifunza kunong'ona na kuchongeana.

Mkoloni Mweusi

Mnalialia tu. Mimi kibao kilinisaidia. Bila kile nisingefungua mdomo.

Kinda wa Mvita

Ulifungua mdomo au uliufunga, kaka? Hebu kuwa mkweli.

Mkoloni Mweusi

Niliufunga kwanza, nikaufungua baadaye 😂

Mama Vitumbua

Baba Kidato, mimi sina digrii lakini watoto watatu wamepita mikononi mwangu. Usianze na insha za hadithi, anza na barua. Barua rasmi ina mifupa yake: anuani yako juu kulia, ya unayemwandikia chini yake kushoto, "Dear Sir", kichwa cha habari, aya tatu, "Yours faithfully". Hata aliye dhaifu anaokota alama za mpangilio. Halafu mpe barua ya kweli. Wangu wa pili nilimwambia aandike barua ya kuomba ruhusa kwa mkuu wa shule, ya kwenda kwenye harusi ya shangazi yake, na nikamwambia isipoeleweka harusini huendi. Aliiandika mara nne na kamusi pembeni. "I am writing to ask for permission" mpaka leo anaiandika usingizini.

Baba Kidato (mleta uzi)

Asanteni sana, haya ni madini. Mzee wa Fuso, shikamoo. Mwalimu, swali moja: nimruhusu aandike kwanza kwa Kiswahili ndipo atafsiri? Naona ndivyo anavyofanya akijificha.

Mwalimu wa Zamu

Pointi, ndiyo. Sentensi, hapana. Aorodheshe kwa Kiswahili vitu vitano vya kusema: soko, mvua, samaki, kugombana na muuzaji, kurudi. Hapo akili inakuwa na mali. Kisha afunge karatasi ile, aandike kwa Kiingereza kidogo alichonacho, hata kama kila sentensi ina maneno manne. Akitafsiri sentensi nzima atakuletea "I was beaten by rain until I became chapachapa", na hiyo nimeipokea kweli, si utani.

Na mnunulie daftari dogo, lisiwe kaunta buku. Ukurasa mkubwa mweupe unamtisha mtoto. Mistari mitano kwenye ukurasa mdogo inajaa, anaiona, anageuza.

Fuso la Usiku

Marahaba mwanangu. Redio siku hizi iko kwenye simu, betri si tatizo tena. Tatizo ni kumnyang'anya hiyo simu akishamaliza kusikiliza.